Kizuri Hakikosi Ila

Ndugu msomaji, leo naomba tuzungumze habari ya baiskeli. Najua tumezoea kukutana hapa kwa mambo mazito zaidi: vibali vya kuishi, michango ya misiba, watoto wetu wanaojibu kwa Kiingereza tunapowasalimu kwa Kiswahili. Lakini baiskeli moja kuukuu niliyoinunua hapa Turffontein imenizushia swali ambalo nimeshindwa kulitupa, na wazee walisema penye wengi hapaharibiki neno. Swali lenyewe ni hili: je, mtu anaweza kukisifu kitu kwa uzuri wa ufundi wake bila kuutetea ubaya uliokizunguka kilipozaliwa?

Kwa wasiokujua huku, Turffontein ni mtaa ulio kusini ya katikati ya jiji la Johannesburg. Lilikuwa jina la shamba kabla dhahabu haijavumbuliwa hapa mwaka 1886, na mwaka uliofuata tayari palikuwa na uwanja wa mbio za farasi, ambao upo mpaka leo. Zamani mtaa huu ulikuwa wa Wazungu wa kipato cha kawaida. Siku hizi ukitoka kwenda dukani kununua mkate utasikia Kilingala, Kishona, Kireno, Kizulu na, kwa bahati njema, Kiswahili cha kila namna, kuanzia cha Bukavu hadi cha Mombasa.

Nyumba ya tatu kutoka kwetu aliishi bibi mmoja mjane, wa kabila lile ambalo sisi Watanzania wa umri wangu tulifundishwa kuliita Makaburu, na tulilitamka neno hilo kama tusi. Alikuwa anahama kwenda kuishi na mwanawe, kwa hiyo akafungua gereji na kuuza kila kilichokuwamo. Nyuma ya masanduku kulikuwa na kitu kimeegemezwa ukutani na kufunikwa blanketi. Blanketi lilipovutwa nusu tu, niliijua. Ilikuwa Raleigh nyeusi, ndefu, yenye breki za vyuma.

Bibi aliponiona nimeshika usukani na sisemi kitu, aliniambia kwamba ilikuwa ya marehemu mumewe, ambaye aliipaka mafuta kila Jumapili baada ya ibada. Kisha akaelekeza kidole upande wa uwanja wa farasi, akasema bibi yake mzaa baba wa huyo mumewe alifungwa pale na Waingereza pamoja na watoto. "Na mume wangu akaipenda baiskeli ya Waingereza mpaka siku anakufa," akamaliza, akacheka kidogo. Nililipa randi 400, nikaikokota mpaka nyumbani.

Maneno ya bibi yule si hadithi ya kubuni. Katika vita vya Waingereza na Makaburu, vya mwaka 1899 hadi 1902, uwanja wa farasi wa Turffontein uligeuzwa kambi ya kuwafungia wanawake na watoto wa Makaburu ambao mashamba yao yalichomwa moto. Waafrika weusi nao walikuwa na kambi zao kwingineko, na habari zao zilichelewa sana kuandikwa. Vita hivyo hivyo vilikuwa na baiskeli ndani yake: Danie Theron, kamanda wa Makaburu, aliunda kikosi cha wapeleka habari waliopanda baiskeli. Kwa hiyo ukitaka kuona jinsi kitu kimoja kinavyoweza kupita katika mikono ya maadui wawili, huna haja ya kwenda mbali na mtaa wetu.

Sasa niieleze baiskeli yenyewe, maana bila kuieleza huwezi kuelewa kwa nini nilinyamaza pale gereji.

Kampuni ya Raleigh ilianza mwishoni mwa miaka ya 1880 katika mji wa Nottingham, Uingereza, ikachukua jina lake kutoka kwenye barabara ilimokuwa karakana ya kwanza. Nembo yake ni kichwa cha ndege wa jamii ya korongo, na ndege huyo hakuchorwa kwenye kibati cha mbele tu. Ukiinama ukaitazama gia kubwa ya kwenye pedeli, utaona kwamba chuma kilichobaki baada ya kukatwa nafasi kimeachwa kwa umbo la vichwa vya ndege. Mtu alikaa akafikiri kwamba chuma hiki lazima kikatwe ili kiwe chepesi, basi na kikatwe kwa uzuri.

Mabomba ya fremu hayakuunganishwa kwa kuchomelewa ncha kwa ncha. Kila kiungo kina kikombe chake cha chuma. Bomba huingizwa humo, kisha shaba iliyoyeyushwa hupenya katikati yake na kushika. Gurudumu la mbele lina spoku 32 na la nyuma 40, kwa kuwa mzigo hukaa nyuma. Breki hazina waya. Ni fimbo za chuma zinazotoka kwenye usukani, zikapita kwenye viwiko vidogo na kushuka hadi kwenye ringi, kila kiwiko kikiwa na skrubu yake ya kukazia. Kiti ni cha ngozi iliyovutwa juu ya chuma, na kwa miaka huchukua umbo la mwenyewe. Kile cha kwangu kimechukua umbo la marehemu jirani, na bado ninakikalia kama mgeni.

Lakini jambo lililonivuta zaidi limefichwa ndani ya habu, kile kitovu cha gurudumu la nyuma. Mle ndani mna gia tatu za aina ya Sturmey-Archer, nazo ni za Nottingham vilevile. Gia ndogo huzunguka gia ya katikati kama sayari zinavyolizunguka jua, zote zikiogelea katika mafuta ambayo unayaongeza kwa kitundu chenye kifuniko. Ukiacha kukanyaga pedeli husikia mlio wa taratibu, tik tik tik, kama saa ya ukutani. Nilipolisugua gamba la habu kwa kitambaa chenye mafuta ya taa, zikajitokeza tarakimu mbili za mwaka na moja ya mwezi: 55 na 8. Ilitengenezwa mwezi wa Agosti mwaka 1955. Aliyeitengeneza hakuandika jina lake, aliandika mwezi tu. Na baada ya karibu miaka 70, gia zote tatu zinaingia.

Kwa nini nilinyamaza? Kwa sababu marehemu baba yangu alikuwa na Raleigh. Hakuwa na ya gia tatu, alikuwa na ile ya kawaida iliyopendwa vijijini. Kwetu ni Kwimba, Usukumani, na miaka ile ya 1950 ilikuwa miaka ya pamba. Mkulima aliyepata mavuno mazuri aliezeka nyumba kwa mabati, akanunua ng'ombe, na akinyookewa zaidi alikwenda Mwanza kwenye duka la Mhindi akarudi amepanda baiskeli. Baba alinunua ya kwake mwaka 1956. Karatasi iliyofungwa kwenye fremu kiwandani hakuitoa, na mimi niliyezaliwa baadaye nilizikuta bado chembe za karatasi zile kwenye pembe za fremu, zimegeuka rangi ya kahawia.

Usiku mmoja mwaka 1968 mama alishikwa na uchungu, na zahanati ilikuwa mbali. Baba alikunja blanketi juu ya keria, akamkalisha mama, akaisukuma baiskeli kwa miguu njia nzima, mimi mbele na taa ya chemli. Hakuipanda hata kwenye tambarare, kwa kuogopa mtikisiko. Dada yangu alizaliwa alfajiri, naye ana wajukuu sasa. Kila ninapoisikia sauti ya mnyororo wa baiskeli gizani, namkumbuka mzee yule alivyokuwa akihema.

Kwa hiyo nilipoileta Raleigh hii nyumbani, nilikuwa na mzee wangu moyoni. Nikaiegemeza ukutani, nikamwita jirani yangu wa mlango wa pili, ambaye ni fundi wa magari, anisaidie kuifungua. Jirani huyu ni Mkongo wa upande wa Kisangani, kijana kwangu, ananiita mukubwa kama wanavyoitana kwao. Maneno yake nayaandika kwa Kiswahili chetu ili tuelewane wote.

Alikuja, akaizunguka mara mbili. Nikaanza kumwonyesha vichwa vya ndege, habu, viungo vya shaba. Nikasema hawa Waingereza, chochote utakachosema juu yao, walijua kazi.

Akaniambia: "Mukubwa, umeniita nishike spana au niimbe sifa?"

Nikacheka, yeye hakucheka. Akagonga tairi kwa kidole. "Hiki chuma kilikuwa hakitembei bila mpira. Mpira wa kwanza walioutembelea hawa watu wako, sisi tuliulipa kwa mikono." Akaniaga kwa adabu, akaenda zake.

Nilikasirika kidogo, nakiri. Nilijiona kama mtu aliyesomewa hitima kwenye arusi yake. Lakini msomaji, nilijua anachokisema, na wewe pengine unakijua. John Dunlop alipata hataza ya tairi la upepo mwaka 1888. Kabla ya hapo baiskeli ilikuwa kitu cha kutikisa mifupa. Baada ya hapo ikawa tamaa ya dunia nzima, na dunia ikawa na kiu ya mpira. Mpira mwingi wa mwituni ulikuwa katika misitu ya Kongo, na Kongo kutoka mwaka 1885 hadi 1908 ilikuwa mali binafsi ya Leopold wa Pili, mfalme wa Wabelgiji. Vijiji viliwekewa kiwango cha mpira cha kuleta. Wanawake walishikwa rehani mpaka waume zao warudi msituni na mzigo. Askari walitakiwa kutoa hesabu ya risasi kwa kuleta mikono iliyokatwa, na mikono ilikatwa ya wafu na ya walio hai, watoto wakiwamo. Mmisionari Alice Seeley Harris aliwapiga picha baadhi yao mwaka 1904, na picha hizo zipo mpaka leo.

Nikajitetea mwenyewe moyoni. Nikasema, baiskeli yangu ni ya mwaka 1955. Kufikia wakati huo mpira wa mwituni wa Kongo ulikwisha kushindwa sokoni na mpira wa mashamba ya Asia, kwa hiyo tairi zake hazikutoka Kisangani. Nilipomwambia jirani hoja hiyo siku ya pili, alinijibu kwa maneno machache: "Mjukuu hakumuua mtu, lakini nyumba anayolala ameirithi." Sikuwa na la kujibu. Sisi wenyewe tunao usemi kwamba chombo kilichopikiwa samaki hakiachi kunuka vumba.

Basi nikabaki na baiskeli yangu na swali langu.

Jibu la kwanza nililolijaribu lilikuwa zuri sana kwa masikio. Nilisema ufundi ni ahadi. Yule mtu wa Nottingham aliyekaza spoku 40 hakumjua baba yangu, wala hakujua kama Kwimba ipo. Hata hivyo alimtengenezea kitu ambacho hakitamwangusha usiku mke wake akiwa kwenye keria. Kumtendea vyema mtu usiyemjua na asiyeweza kukushukuru ni wema wa hali ya juu, kwa hiyo, nikajisemea, ninachokisifu ni wema wa mfanyakazi yule, si mfalme wala gavana. Niliridhika nalo kwa wiki nzima.

Likaharibika nilipokumbuka kitabu. Alan Sillitoe, mwandishi wa Kiingereza, alizaliwa Nottingham na alifanya kazi katika kiwanda hichohicho cha Raleigh akiwa kijana mdogo. Riwaya yake ya mwaka 1958, Saturday Night and Sunday Morning, inamhusu kijana anayefanya kazi ya mashine katika kiwanda cha baiskeli. Kijana yule hatoi ahadi yoyote kwa mtu wa Kwimba. Analipwa kwa idadi ya vipande, anahesabu vipande, anawachukia wakubwa, anasubiri Ijumaa apokee ujira na Jumamosi akalewe. Yaelekea yule aliyetengeneza habu yangu mwezi wa Agosti mwaka 1955 alikuwa na mawazo kama hayo hayo: kiangazi kimefika, lini nitatoka humu ndani?

Basi wema uko wapi kama haukuwa moyoni mwa aliyefanya? Nimelifikiria hili kwa muda, na naona uko katika kipimo. Mtu yule aliyechoka alikuwa amezungukwa na vipimo ambavyo hakuruhusiwa kuvivunja. Gololi hii iwe duara kamili, jino hili liwe na kina hiki, pasipo kufikiwa kitarudishwa. Kipimo ni adabu iliyowekwa ndani ya kazi ili siku moyo usipokuwepo, mtu wa mbali asidhulumiwe. Hapana shaka hilo ni jambo la kuheshimiwa, na sisi tunaojua maana ya kuuziwa spea inayokatika wiki ya kwanza tunaliheshimu kuliko wengi.

Lakini kipimo nacho kina macho yanayoona karibu tu. Ulipimwa unene wa bomba, haukupimwa uchungu wa aliyegema mpira. Katika biashara nzima ile, kila kitu kilihesabiwa isipokuwa mtu. Na lililonishangaza ni kwamba aliyeifichua dhuluma ya Kongo mbele ya ulimwengu alikuwa naye ni mtu wa hesabu. E. D. Morel alikuwa karani wa kampuni ya meli ya Liverpool. Alitazama vitabu vya mizigo, akaona mpira na pembe za ndovu zinakuja kwa wingi kutoka Kongo, na zinazorudi ni bunduki na risasi, wala si bidhaa za kulipia. Akahitimisha kwamba watu wale hawalipwi, na kwamba kazi hiyo ni utumwa. Kumbe tabia ileile ya kupima kwa haki, ikigeuzwa ikamwelekea mwanadamu badala ya chuma, hutoa ushahidi. Nikaanza kuona kwamba kosa halikuwa kupima na kufanya kazi vizuri. Kosa lilikuwa kuchagua ni nani anayestahili kufanyiwa vizuri.

Nilikuwa nimefika hapo katika mawazo yangu Jumamosi moja mchana, nikiwa uani, nikijaribu kuitoa kota pini, yaani ile pini inayoshika mkono wa pedeli kwenye mhimili. Baiskeli nyingi za zamani zinayo, na baada ya miaka mingi hung'ang'ana kwa kutu. Nilikuwa naipiga kwa nyundo. Nilipiga, ikajikunja kichwa. Nikapiga tena.

Mlango wa pili ukafunguliwa kwa nguvu. Jirani yangu alitoka na fulana ya ndani, mkononi kashika kijiko, maana alikuwa anakula.

"Mukubwa, acha! Acha! Unaiua!"

Akaninyang'anya nyundo. Kwa kweli aliniondoa pale kama mtoto aliyekutwa na kisu. Akaingia ndani, akarudi na kipande cha bomba na jeki ndogo ya kukaza kwa skrubu, akapaka mafuta, akasubiri, akakaza taratibu, akasubiri tena. Pini ikatoka kwa mlio mdogo. Akaishika kwenye mwanga, akaipuliza. Halafu, bila kuniangalia, akafungua na upande wa pili. Chakula chake kilipoa. Alipofika kwenye gololi za mhimili alizipanga zote juu ya gazeti, akazihesabu, akazipitisha kidoleni moja moja. Sikumsikia akisema neno la sifa. Lakini alipokizungusha kikombe cha gololi mkononi, akakikuta hakina hata mkwaruzo, alinyanyua nyusi.

Tulipotaka kubadilisha kikombe kimoja cha nje, alikwenda kwenye duka la spea akarudi amekasirika. Hakikuingia. Ndipo tulipogundua kwamba Raleigh walikata nyuzi za skrubu za mhimili kwa kipimo chao wenyewe, nyuzi 26 kwa inchi moja, ilhali wengine walikata 24. Maana yake, ukiharibikiwa lazima urudi kwao. "Unaona?" akaniambia. "Hata wema wao una kufuli." Tukakisafisha kikombe kilekile cha zamani, tukakirudisha. Mwaka 2002 kiwanda cha Nottingham kiliacha kutengeneza baiskeli, sasa jina linatengenezewa Asia, na huyo wa kumrudia mwenye funguo hayupo tena. Wanaoweza kuifungua kufuli hiyo leo ni watu kama jirani yangu, kwa mikono na subira.

Alipomaliza alinawa mikono kwa sabuni ya unga, akaniambia maneno ambayo ndiyo hasa yaliyonifanya niandike makala hii. "Mukubwa, usifikiri nimesahau. Nimeshindwa tu kukaa ndani nikisikia kitu kizuri kinaharibiwa."

Nimeyarudia maneno yale mara nyingi. Hapa Johannesburg kuna neno ambalo hata Wazungu wanalitumia katika Kiingereza chao kumaanisha mtu aliyebobea katika jambo lake: fundi. Mara ya kwanza kulisikia nilidhani wamelichukua kwetu, kumbe wamelipata kwa Wazulu na Waxhosa, ambao kwao kufunda ni kujifunza. Nasi tunasema kufunda, kufundisha, mafunzo, na mwali anafundwa. Ni mzizi mmoja wa Kibantu, uliosafiri njia tofauti ukakutana tena hapa. Ndani ya neno hilo, fundi ni mtu aliyefundwa, na kufundwa si kujua kutumia spana peke yake. Mwali aliyefundwa vizuri anajua namna ya kukaa na watu. Jirani yangu alifundwa kiasi kwamba mkono wake haukubali kuona kazi njema ikiharibiwa, hata kama ni kazi ya watu aliowakasirikia. Na alifundwa kiasi kwamba mkono huo haukumlazimisha asahau.

Hapo ndipo nilipopata jibu langu, kwa kadiri nilivyoweza kulipata. Kusifu si kusamehe. Tumezoea kuyachanganya mambo haya mawili, ndiyo maana tunagawanyika makundi mawili kila mazungumzo yakigusa reli, mashule, mahospitali na majengo yaliyoachwa na wakoloni. Kundi moja likiona uzuri linasamehe kila kitu: "Lakini si walitujengea?" Kundi la pili likikumbuka dhuluma linakataa kuuona uzuri, hata ulio mbele ya macho. Makundi yote mawili yanafikiri kwamba sifa ni malipo anayopewa mwenye jina kwenye nembo. Lakini jina kwenye nembo ni la mtu mmoja tu kati ya wengi. Sifa ya baiskeli hii wanaigawana kijana aliyechoka wa Nottingham, mgema mpira asiyelipwa haki yake, marehemu aliyeipaka mafuta kila Jumapili huku bibi yake akiwa katika historia ya uwanja wa farasi, na Mkongo aliyeacha chakula kikapoa. Anayetaka kusifu sawasawa hana budi kuwataja wote, pamoja na gharama aliyolipa kila mmoja. Sifa isiyotaja gharama ni tangazo la biashara.

Na tuangalie pia nani anakidumisha kitu. Baiskeli ya baba yangu ilipitia kwa fundi wa chini ya mwembe kwa zaidi ya miaka 30. Ringi zikawa za China, pedeli za India, kiti kikashonwa upya kwa ngozi ya ng'ombe wetu wenyewe. Wayunani wa kale walibishana juu ya merikebu ya Theseus iliyobadilishwa ubao mmoja mmoja: je, ni ileile? Fundi wa chini ya mwembe hakuwasoma Wayunani, lakini nadhani angewajibu kwamba ni ileile maadamu bado inambeba mama kwenda zahanati.

Karibu na mtaa wetu, kando ya ziwa dogo la Wemmer Pan, pana makumbusho ya usafiri ya James Hall, yaliyoanzishwa mwaka 1964. Ni mahali pazuri, wapelekeeni watoto. Mimi nimeamua kwamba hii ya kwangu haitakaa mahali pa kutazamwa tu, wala sitaitundika ukutani. Inakwenda dukani, na keria imebeba mikate na mara moja friji ndogo ya Mmalawi wa nyumba ya mbele.

Kabla sijamaliza, nina deni moja la kusema kweli. Baba alifariki mwaka 1990. Mwaka uliofuata, nikitaka nauli ya kuondoka nyumbani kutafuta maisha, niliiuza Raleigh yake kwa mtu wa mnadani bila kumwambia mama. Mama aligundua jioni, alipotazama ukutani ilipokuwa ikiegemea. Hakunigombeza. Aliuliza tu kama huyo mtu alikuwa na mikono mizuri. Sikujua kumjibu, kwa kuwa nilikuwa nimetazama fedha, sikutazama mikono.

Kwa miezi kadhaa nilidhani naing'arisha baiskeli hii kwa sababu ya kupenda ufundi. Sasa naona nilikuwa natafuta msamaha kwa kutumia kitambaa na mafuta ya taa. Lakini kama kusifu si kusamehe kwa wafalme, hakuwezi kuwa kusamehe kwangu mimi. Naitunza kwa kuwa inastahili kutunzwa, na lile la mwaka 1991 linabaki pale pale lilipo.

Jirani yangu alipita jana jioni nikiwa naitia mafuta. Akasimama kidogo kusikiliza gurudumu linavyozunguka. "Mnyororo umelegea," akasema, akaenda kuchukua spana.